Ukurasa wa Mwalimu: Ni Vumbi, ni Moshi, au ni Mvua?

Mwezi huu tunaleta swali tulilolikuta kando ya ziwa, tulipokwenda Ggaba kuzitembelea familia zetu zinazoishi mjini. Tumeona tusilifiche, kwa sababu hata huku kambini tunaulizana hivyo hivyo kila kiangazi kinapofika.

Kwa wale ambao hamjafika: Ggaba ni upande wa kusini wa Kampala, pale barabara inapoishia kwenye Ziwa Victoria. Kuna soko, kuna mahali pa kushukia mitumbwi inayokwenda visiwani, na kuna mitambo ya maji ambapo maji ya ziwa husafishwa na kupelekwa kwenye mabomba ya jiji. Watu wetu wengi huko wanaishi kwa biashara ndogo. Mama mmoja tuliyefikia kwake anaanika mukene, wale samaki wadogo ambao sisi wengine tunawaita ndagala ao dagaa. Mtaji wake ni wa kukopa.

Asubuhi hiyo ziwa halikuwa na mwisho. Kwa kawaida unaona visiwa na mitumbwi ya mbali. Siku ile maji na mbingu vilikuwa rangi moja ya kijivu, na jua lilikuwa kama sahani nyekundu. Yule mama alikuwa ameshatandaza samaki wake wote. Akatuuliza:

"Mwalimu, angalieni ziwa. Hii iko mvua ao iko vumbi? Kama iko mvua, niondoe samaki sasa hivi. Kama iko vumbi, nifunike tu."

Swali hilo si dogo. Mukene akinyeshewa kabla hajakauka anaharibika, na anayeharibika huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Na ukimwondoa bure siku yenye jua, umepoteza siku nzima ya kukausha.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mvuvi mmoja alisema ni moshi wa watu wanaochoma majani. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kakuma alisema vumbi analijua, na hilo ni vumbi. Mwingine akasema ni sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama nguzo za moshi. Halafu kijana mmoja akaleta neno baya zaidi: ati volkano ya Goma imelipuka tena na majivu yamefika. Hapo wamama wawili wakaanza kutafuta vocha za kupiga simu nyumbani. Nani atawalaumu? Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na kati yetu wako waliokimbia mara zote mbili.

Sisi tulikuwa na simu yenye intaneti. Tukafungua picha ya setilaiti ya hali ya hewa, tukakaa chini ya mwembe kuiangalia pamoja. Haya ndiyo tuliyoelezana.

JICHO LILILO JUU YA IKWETA

Mliokuja Kampala kwa basi kutoka Nakivale mmepita Kayabwe, pale kwenye alama ya ikweta ambapo wageni hupiga picha. Sasa fuata mstari huo huo kwenda mashariki mpaka uvuke pwani ya Somalia na kuingia Bahari ya Hindi. Halafu panda juu karibu kilomita 36,000. Huko ndiko iliko setilaiti inayotuangalia. Inazunguka kwa mwendo uleule wa dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imesimama mahali pamoja, haiondoi macho.

Jamii hii ya setilaiti inaitwa Meteosat, na inaendeshwa na EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Mwaka 2002 ilirushwa ya kwanza ya kizazi cha pili, ikaanza kazi rasmi mwaka 2004. Hiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa katika kutafuta vumbi, kwa sababu ilikuwa na macho 12 ya aina mbalimbali na ilipiga picha kila dakika 15. Mwaka 2022 Meteosat-9 ilihamishiwa upande wa Bahari ya Hindi kuchukua nafasi ya Meteosat-8. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikarushwa ya kwanza ya kizazi cha tatu, inayoangalia kutoka upande wa Atlantiki na kupiga picha kila dakika 10.

KWA NINI PICHA YA KAWAIDA HAITOSHI

Mtu anaweza kusema: kama iko juu, si ipige tu picha, vumbi litaonekana? Jaribu kumwaga unga juu ya kitambaa cheupe, halafu simama mbali. Huoni kitu. Vumbi la jangwani likiruka juu ya jangwa ni hivyo hivyo, rangi ni moja. Juu ya maji meusi ya ziwa ao bahari linaonekana vizuri kidogo, hasa asubuhi na jioni jua linapokuwa chini. Lakini usiku kamera hiyo ya mwanga haioni vumbi.

Ndiyo maana wataalamu hutumia joto. Jioni, makaa ya sigiri yakishaacha kuwaka mwekundu, sogeza mkono: huoni mwanga wowote, lakini unasikia joto. Ardhi nayo inatoa joto la namna hiyo mchana na usiku, na setilaiti ina macho ya kulipokea. Ukishika kitenge chepesi kati ya mkono na sigiri, joto linapungua. Vumbi angani ni kama kitenge hicho. Ila kitenge hiki kina ubaguzi: kinazuia joto la aina moja kuliko la aina nyingine.

Kwa kazi ya vumbi hutumika macho matatu, yanayopokea miali yenye urefu wa mikromita 8.7, 10.8 na 12.0. Mikromita 1 ni mita iliyogawanywa mara milioni. Vumbi la jangwani lina chembe nyingi za silika, ambayo ndiyo mchanga wenyewe. Chembe hizo huzuia miali ya 10.8 kuliko ya 12.0. Mvuke wa maji na mawingu membamba ya barafu hufanya kinyume, huzuia zaidi ile ya 12.0. Basi kompyuta inatoa hesabu ya darasa la tatu tu, hesabu ya kutoa. Inachukua kipimo cha jicho la 12.0, inatoa cha 10.8, na tofauti hiyo inaipaka rangi nyekundu. Inachukua 10.8, inatoa 8.7, inapaka kijani. Kipimo cha 10.8 chenyewe inakipaka bluu. Penye vumbi, nyekundu inakuwa nyingi, kijani kidogo, bluu nyingi. Mtoto yeyote aliyechezea rangi anajua kitakachotoka: pinki.

Kwa hiyo kwenye picha hiyo vumbi linaonekana pinki, mchana hata usiku. Mawingu mazito ya juu, yale ya mvua kubwa, yanakuwa mekundu yaliyoiva karibu na kahawia. Hewa yenye unyevunyevu chini inaelekea bluu. Majivu ya volkano nayo hunaswa kwa mtego huo huo wa kulinganisha 10.8 na 12.0, na gesi ya salfa inayotoka volkanoni hujitokeza kwa jicho la 8.7.

TULIONA NINI SIKU ILE

Tuliangalia kwanza upande wa Goma, kwa ajili ya wale wamama. Kutoka Goma mpaka Ggaba ni zaidi ya kilomita 400 kwa ndege. Hakukuwa na mkia wowote wa majivu kuelekea kwetu. Wakaweka vocha mfukoni, wakacheka kidogo, na yule kijana akaondoka polepole.

Halafu tukatafuta pinki. Ilikuwepo, lakini mbali sana, kule Chad kaskazini. Mahali hapo panaitwa Bodélé, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, na wataalamu wanapahesabu kuwa moja ya vyanzo vikubwa kabisa vya vumbi duniani. Zamani palikuwa ziwa kubwa. Lilipokauka liliacha unga mweupe wa maganda ya vijimea vya majini, na upepo unaobanwa kati ya milima ile miwili unauchota. Mara nyingi unaupeleka kusini-magharibi, Niger na Nigeria, na mwingine unavuka Atlantiki mpaka Amerika ya Kusini. Kwa kawaida si wetu.

Yule mzee wa Kakuma akauliza, na kwake je? Tukamwonyesha kaskazini mwa Kenya. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia kama korido, na upepo ukipita hapo unaongeza mbio kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana. Ndiyo maana kando ya ziwa hilo wamejenga mashine 365 za umeme wa upepo. Na Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, iko katika nchi kavu ya Turkana hiyo hiyo. Mzee akasema, "Basi si sisi tulikuwa wachafu." Tulicheka wote, lakini tulimwelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akifuta vumbi kwenye sufuria zake na kuona aibu mbele ya wageni.

Waliotoka Sudan walikumbuka haboob, ule ukuta wa vumbi unaofika ghafla na kufanya mchana kuwa usiku. Huo hutokana na dhoruba ya mvua: hewa baridi inaanguka kutoka kwenye wingu, inagonga ardhi, inakimbia mbele ikisukuma vumbi. Kwenye picha za kila robo saa unaweza kuuona kama upinde wa pinki unaotangulia wingu, na kupata muda wa kuwaita watoto ndani.

Juu ya Ziwa Victoria hatukuona pinki. Wala karibu nasi hakukuwa na wingu lile jekundu la mvua kubwa. Tulichokiona, kwa picha nyingine inayoonyesha mahali penye moto, ni alama nyingi sana upande wa kaskazini. Miezi ya Desemba mpaka Februari watu huchoma nyasi kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini na kaskazini-mashariki mwa Kongo. Setilaiti za NASA, Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya mwaka 2002, zimefanya kazi hiyo ya kutambua mioto kwa miaka mingi. Chembe za moshi ni ndogo mno kuliko za vumbi, miali ya joto inazipita, kwa hiyo moshi haugeuki pinki. Lazima uutafute kwa njia nyingine.

Mvuvi akasema, "Si niliwaambia? Nusa." Tukanusa. Kweli, harufu ya nyasi zilizoungua ilikuwepo.

Tulimwambia mama: tunavyoona ni moshi, mvua haiko karibu, acha samaki juani lakini uangalie mbingu. Akawaacha. Saa kumi jioni akawakusanya wakiwa wakavu.

MAMBO AMBAYO SETILAITI HAIJUI

Tusije tukaonekana tunauza dawa ya kutibu kila kitu. Picha hii ina udhaifu, na ni lazima mwalimu auseme.

Kwanza, unyevunyevu unaficha vumbi. Tumesema mvuke unafanya kinyume cha vumbi, kwa hiyo vikikutana vinaweza kufutana. Juu ya ziwa letu hewa ina maji mengi, na vumbi jembamba linaweza kupita bila kuonyesha pinki. Ndiyo maana siku ile hatukusema "hakuna vumbi kabisa", tulisema "hatulioni". Ni maneno mawili tofauti.

Pili, wingu la juu likitanda, linafunika kila kilichoko chini yake.

Tatu, pinki haikuambii kama vumbi liko puani mwako ao liko juu kilomita tatu. Wala haikuambii vizuri ni kiasi gani.

Nne, na hili ndilo tunalotaka mlishike, setilaiti ya kizazi cha pili inaona kwa vipande vya kilomita 3, tena hapo ni chini yake kabisa, pembeni vinakuwa vikubwa zaidi. Soko la Ggaba, mitumbwi, mitambo ya maji na nyumba zote za jirani vinaingia katika kipande kimoja ao viwili. Yule mama alipokuwa anakusanya samaki, alipangusa mmoja kwa kidole akatuonyesha. Kidole kilikuwa chekundu.

"Mwalimu," akasema, "vumbi yenye inakulaka samaki yangu haitoke Chad. Ni ya bodaboda."

Alikuwa amesema kweli. Kichanja chake kilikuwa hatua chache kutoka njia ya udongo wanayopita bodaboda kutwa nzima. Vumbi hilo, moshi wa magari na wa takataka zinazochomwa mitaani, ndivyo vinavyoingia kifuani mwa watoto wetu kila siku, na hakuna setilaiti ya kilomita 36,000 itakayokuja kutuonyesha. Kwa ajili hiyo watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha AirQo mwaka 2015. Wanatengeneza vipima hewa vidogo vya bei nafuu, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, ili vipime hewa ile ile tunayoivuta.

Kwa hiyo macho ni mawili, la juu na la chini. La juu linajua vumbi linatoka nchi gani. La chini linajua limefika ao halijafika. Kesho yake mama alihamisha kichanja chake nyuma ya nyumba, upande wa ziwa.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Vumbi la mbali likija, huwezi kulizuia. Funga dirisha, funika madumu ya maji na chakula, na watoto wasikimbie nje mpaka lipungue. Mwenye pumu akae na dawa yake karibu, na akianza kupumua kwa shida apelekwe zahanati, asingoje kesho.

Vumbi la karibu linazuilika. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Usianike samaki, unga ao nguo kando ya njia. Shuleni tumwagie uwanja maji kidogo kabla ya gwaride, hata yale ya kunawia mikono yanafaa.

Moshi wa karibu nao unazuilika: tusichome takataka na plastiki karibu na nyumba, na sigiri isiwashwe ndani ya chumba tunacholala.

Familia zenye ndugu kaskazini, upande wa West Nile na Sudan Kusini, wakumbushe jambo moja. Huko ni ndani ya ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaotoka Senegal mpaka Ethiopia, na ugonjwa huo hupenda miezi mikavu yenye vumbi. Chanjo ya MenAfriVac, iliyoanza kutolewa mwaka 2010, imepunguza sana aina A, lakini aina nyingine zipo. Mtoto mwenye homa kali, shingo ngumu na anayekimbia mwanga apelekwe hospitali siku ile ile.

Na uvumi? Uvumi ni vumbi pia, unaingia machoni. Kabla ya kutumia pesa ya chakula kununua vocha, ulizeni kwanza. Mwaka 2007 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mfumo wa kuonya watu kuhusu dhoruba za mchanga na vumbi. Hapa Uganda tuna huduma ya serikali ya hali ya hewa, na kwa nchi nyingi za kanda hii kuna kituo cha ICPAC huko Kenya. Mwenye redio asikilize taarifa ya hali ya hewa, na mwenye simu ya intaneti awaonyeshe majirani picha, asikae nayo peke yake.

KAZI YA WATOTO

Chukueni karatasi nyeupe, mpakeni mafuta kidogo ya kupikia, muitundike nje kwa siku tatu mbali na mvua. Tundikeni ya pili nyuma ya nyumba. Linganisheni ipi imekuwa chafu zaidi, na andikeni njia gani iko karibu nayo. Leteni darasani, tutazibandika zote ukutani, na hiyo itakuwa ramani ya vumbi la kambi yetu.

Mwenye swali alipeleke kwa mwalimu yeyote wa kujitolea. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.